Antimaada ilienda wapi, na Ngomeni inahusika vipi

Ukiuliza watu wa Malindi, pwani ya Kenya, Ngomeni kuna nini watakwambia chumvi, kamba na ile kambi ya Wataliano ya kurushia setilaiti. Anayejua zaidi atakutajia setilaiti ya Uhuru, ilirushwa 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ndo ikapewa jina hilo. Sawa, haki yake. Ila mi nnayoipenda ni setilaiti ya SAS-2, Novemba 1972, ilirukia palepale kwa jukwaa la San Marco, lile la miguu ya chuma baharini, ikaenda kutazama mionzi ya gama, ile yenye nguvu kuliko eksirei, na hakuna anayeitaja!

Naipenda kwa sababu ya antimaada, yaani pacha wa maada ya kawaida mwenye chaji za kinyume. Protoni, ile chembe ya ndani ya kiini cha atomu, ina chembe ndogo zaidi tatu ziitwazo kwaki, mbili za aina iitwayo "juu" zenye chaji +2/3 kila moja na moja ya aina iitwayo "chini" yenye -1/3, jumla 1. Geuza chaji zote unapata antiprotoni, uzito uleule, na zikikutana na protoni zinamalizana, na katika vinavyotoka mwishoni imo mionzi ya gama. Sasa kama huko juu kungekua na galaksi za antimaada, mpakani na zetu gama ingewaka tu. SAS-2 ilikuta kuna gama hafifu inayotoka kila upande, na wakati ule wapo waliodhani ndo mabaki ya hayo mapambano. Siku hizi tunajua nyingi inatoka kwa galaksi zenye mashimo meusi makali katikati.

Nilipomweleza ami yangu pale barazani akauliza, "Kwani mwanzo wa ulimwengu maada na antimaada hazikua sawasawa?" Ndo hapo ami! Karibu sawa. Kwa kila chembe bilioni moja za antimaada kulikua na chembe bilioni moja za maada na kachembe kamoja, zikamalizana, sisi ndo hako kamoja.

Hako kametoka wapi? Mwaka 1964 wanafizikia Cronin na Fitch waliona chembe za kaoni, zenye kwaki moja na antikwaki moja na maisha mafupi, hazifuati usawa kamili kati ya maada na antimaada. Halafu 1973 Kobayashi na Maskawa, Wajapani wawili, wakasema tofauti hiyo inawezekana kama aina za kwaki ni sita, na wakati huo zinajulikana tatu tu!! Yaani watu wanapiga hesabu wanaongeza kwaki tatu ambazo hajaziona mtu, na ya sita ikaja kupatikana 1995 kwenye maabara ya Fermilab, Marekani. Nobel wakapewa 2008. Mi huwa siamini ujasiri ule.

Na 2025 CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, wakatangaza tofauti hiyo kwa bariyoni, chembe za kwaki tatu, ukoo mmoja na protoni, kama asilimia 2.5 hivi. Kabla ya hapo ilionekana kwa chembe zenye kwaki moja na antikwaki moja tu.

Shida ni kwamba ukikusanya tofauti zote za kwaki hesabu haifiki kwenye hako kamoja kwa bilioni, ni ndogo mno, haikaribii hata. Ndo maana Japani na Marekani wanajenga mitambo mikubwa ya kupima nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, kuona kama nazo zina tofauti hiyo, na mi nahisi jibu liko huko, kwaki zimeshasema zilichonacho.