Usiku mmoja chini ya mnara wa taa

Mnara tulikuwa tunauona, mweupe, lakini kati yetu nao ni mchanga mtupu. Gari la mbele likazama hadi ekseli. Rafiki yangu akazidi kukanyaga mafuta. Nikamsihi aache, maana tairi likizunguka palepale linajichimbia tu. Tukafukua kwa sepetu, tukapunguza upepo wa tairi kutoka pauni 35 hadi 16. Tairi zikabonyea, zikatanda juu ya mchanga, gari likatoka taratibu kwa gia nzito. Nilifurahi kama mtoto!

Mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua, yaani bahari hujaa kuliko kawaida, kwa hiyo hema tulizipiga juu kabisa ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji yaliyojaa. Usiku bahari ilijaa ikaulowesha mstari uleule. Hatukulala, tulikaa tukiisikiliza.