Kukisia silikoni kabla chuma hakijatoka tanuruni

Siku hizi nikitoka kazini Industrial Area, jioni yangu inaishia kwenye jambo moja: kuifundisha kompyuta kukisia kiasi cha silikoni katika chuma kilichoyeyuka. Huku Kenya tunayeyusha zaidi skrapu kwa umeme, kwa hiyo rekodi ninazotumia ni za tanuru la ng'ambo, lile refu linalolishwa mawe ya chuma, koke (makaa ya mawe yaliyookwa) na chokaa.

Silikoni ndiyo inayoeleza hali ya joto kule chini, mahali pasipofikika kwa macho, chuma kikiwa karibu nyuzi 1,500. Ikipanda sana, koke inateketea bure. Ikishuka mno, tanuru linapoa, na hiyo ni balaa. Jibu la maabara nalo huja chuma kimeshamwagika, ilhali koke unayoongeza juu huchukua saa kadhaa kufika chini. Ndiyo maana kukisia mapema kuna faida kubwa.

Jamani, tahadharini na kitu kimoja. Ukichanganya rekodi ovyo kabla ya kuipima modeli, yaani hiyo programu inayokisia, itaonekana hodari kupita kiasi, maana imeshachungulia ya kesho. Mimi nazipanga kwa mfuatano wa saa. Alama zinashuka, lakini hizo ndizo ninazoziamini.

Sasa natamani kujaribu shaba kwenye skrapu yetu. Ikishayeyuka na chuma haitoki kirahisi, na ikizidi hupasua chuma kinapobanwa kwenye roli za kukinyoosha kikiwa moto. Mwenye rekodi za tanuru la umeme, tafadhali niandikie.