Jinsi nilivyoitambua tyuni ya gita (jinsi nyuzi zilivyokazwa) katika wimbo wa bluzi kwa sikio

Kilichonifungulia njia ni besi, yaani sauti nzito za gita. Ilishuka hadi noti ya D, wakati uzi mnene wa gita kwa tyuni ya kawaida huishia E. Basi uzi huo, wa 6, ulikuwa umelegezwa. Tena kodi ya G (noti kadhaa zikilia pamoja) ilivuma kwa nyuzi zilizo wazi, bila kidole hata kimoja. Raha tupu kuisikia!

Nikalegeza wa 6 na wa 1, ule mwembamba kuliko wote, hadi D, wa 5 hadi G. Kutoka wa 6 hadi wa 1 zikawa D-G-D-G-B-D. Nilihakiki hivi: wa 6 kwenye freti (kile kipande cha chuma shingoni mwa gita) ya 5 ulingane na wa 5 ukiwa wazi, wa 2 kwenye freti ya 3 ulingane na wa 1. Kodi ya C? Laza kidole juu ya nyuzi zote kwenye freti ya 5, basi.