Ramu na Majirani Zake

Nimekuwa nikimbunia mpwa wangu viumbe wanaoishi ndani ya kompyuta, naye amenipa sharti moja tu: kila kiumbe afanye kazi ile ile inayofanywa na kifaa chake. Nikidanganya, hadithi inaishia hapo.

Kipenzi chake ni Ramu, yaani RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta: mwembamba, wa kijani, mwenye meno ya dhahabu upande mmoja. Kila anachokumbuka kimo ndani ya visima vidogo vya chaji, na visima hivyo vinavuja. Kwa hiyo Ramu hapumziki: kila milisekunde 64 awe ameshavipitia vyote na kuvijaza upya. Stima ikipotea, jambo tunalolijua sana huku Kayole, Nairobi, anasahau hata jina lake.

“Sasa mjomba, ikirudi, nani humwambia yeye ni nani?”

Swali hilo lilinifurahisha mno. Ndipo akazaliwa Nyanya Romu, yaani ROM, kumbukumbu ya kudumu, anayekaa pembeni mwa bodi na hasahau, stima iwepo isiwepo. Mashine ikiwashwa, wa kwanza kusikizwa ni yeye. Anawahesabu wote, anahakikisha Ramu ni mzima, kisha anamtuma Prosesa, ubongo wa kompyuta, kwa Diski akachukue yaliyohifadhiwa. Jirani yake ni soja wa usiku, anayehesabu saa wengine wakilala. Chakula chake ni betri bapa ya volti 3. Ikiisha, soja anaamka akiapa kwamba tuko mwaka uliopita zamani.

Diski nilitaka amwone kwa macho. Nikanunua moja iliyokufa kule Luthuli Avenue, ya kompyuta ya mezani, tukaifungua kwa bisibisi ya kichwa cha nyota. Sahani ilimeta kama kioo, mtoto akajiona uso mzima. Juu yake kuna mkono mwembamba ambao, Diski akiwa hai, huelea bila kugusa huku sahani ikizunguka mara 7,200 kwa dakika. Karibu na ukingo tukakuta mkwaruzo wa duara. Akaupitishia kidole polepole. “Hapa ndipo alipoumia,” akasema.

Ngano zetu zina nunda na mazimwi wa porini, nami nazipenda. Lakini mtoto wa Nairobi anashinda na mashine hizi, na naona ana haki ya kuwa na mazimwi wa humo pia. Wetu tumeshampata: Joto. Hana umbo, anazaliwa na kazi ya Prosesa mwenyewe, na akizidi, Prosesa hupunguza mwendo asije akaungua. Wa kumfukuza ni Feni. Vumbi naye humganda Feni mabawani mpaka yakawa mazito, ndiyo maana mpwa wangu anashikilia kwamba Vumbi ni jasusi wa Joto. Jumamosi hadithi inaanzia kwa Vumbi.