Samaki wa mke wa rubani

Juzi muuza samaki wetu wa baiskeli hapa Fuoni, Unguja, kaniuzia fungu la changu elfu kumi na tano, na jirani yangu aliyenitangulia kidogo tu kauziwa elfu kumi, fungu ni lile lile nimeliona kwa macho yangu. Nikamuuliza, vipi tena baba? Akacheka, akasema "Aaa mama Ilham, wewe si mke wa rubani, elfu tano itakuuma nini". Nikalipa. Nikaingia ndani nimenuna, changu nikamtia kwenye beseni hata magamba sijamtoa nikakaa kuandika haya, maana sio yeye tu, ni mtaa mzima, ni mashemeji, ni walimu wenzangu skuli, wote wana hesabu ya pesa za mume wangu vichwani mwao na hesabu yenyewe siyo.

Baba watoto anaendesha helikopta za mafuta. Sio vile vindege mnavyoviona uwanja wa ndege Kisauni vinakwenda Pemba kwa nusu saa na kurudi, rubani jioni yuko kwake anakula. Yeye anachukua mafundi, wachimbaji, wapishi mpaka wafagizi, anawatoa nchi kavu anawapeleka kwenye meli na rigi za kuchimba huko bahari kuu, anawashusha anapakia waliomaliza zamu anarudi nao. Wenyewe wanaiita kazi ya ofshoo. Alianzia Mtwara 2013, wakati ule gesi ya baharini ndio imegunduliwa, kila mtu anaimba gesi, gesti za Mtwara hupati chumba, na mie nilikuwa bi harusi mpya naona nimeolewa na bahati yenyewe inatembea kwa miguu.

Haya tuje kwenye pesa maana ndio mlichofuata hapa. Mkataba wa Mtwara tuuache, ntauelezea ulivyokufa. Mkataba wake wa kwanza wa Afrika Magharibi, akiwa rubani msaidizi, ulikuwa dola 280 kwa siku. Mtu akisikia hivyo barazani anazidisha mara thelathini pale pale, 8,400 kwa mwezi, heee, tajiri huyo. Sasa mie ni mwalimu wa hesabu na nna daftari. Daftari la skuli la kawaida tu la mistari, kila siku naandika herufi moja, K yuko kazini, N yuko nyumbani, S yuko safarini. Analipwa K peke yake. Wiki sita kazini wiki sita nyumbani, kwa hiyo K ni 42, mara 280 unapata 11,760, nyingi wallahi sikatai, ila hizo zinatakiwa zitufikishe siku 84 mpaka alipwe tena, ukigawa ni 140 kwa siku. Yaani 4,200 kwa mwezi, nusu kamili ya hesabu ya barazani. Bado ni pesa nzuri kwa mtu wa Fuoni, nakiri, lakini sijaanza kutoa.

Toa kodi ya kule. Toa S, maana kutoka hapa kupitia Addis mpaka afike kituoni kwake ni siku mbili na siku hizo halipwi na mtu, na akichelewa ndege ni hasara yake. Toa pensheni, au niseme usiitoe maana haipo kabisa, yeye kaajiriwa na wakala sio na kampuni anayoirushia helikopta, na wakala anasema wewe ni mkandarasi, jitegemee. Halafu toa deni, na hili ndio watu hawalijui. Alisomea Afrika Kusini, na masaa ya helikopta ni ghali kuliko ya ndege ya kawaida, kila saa unaloruka unalilipia wewe, na yanatakiwa zaidi ya mia ndio upate leseni ya biashara, na ukishaipata hakuna anaekutaka mpaka uwe na mamia mengine. Marehemu baba mkwe aliuza shamba la mikarafuu kule Mtambwe, na kaka zake wawili wakatoa walichonacho. Kwa hiyo msimu wa karafuu ukifika na wenzao wanaanika majamvini, simu inaita kutoka Pemba, na hiyo simu siwezi kuilaumu hata kidogo, sisi ndio tulioila mikarafuu yao. Mashemeji zangu mkisoma hapa, nimesema siwalaumu!

(Ngoja nikamtie samaki ndimu nakuja.)

Kitu ninachokiona mie kibaya zaidi ya yote ni maji. Mtanicheka. Rubani wa ofshoo hanywi maji. Anaamka saa tisa na nusu usiku, saa kumi na mbili yuko angani, anatua kwenye meli, watu wanashuka wanapanda, mafuta yanajazwa huku injini inawaka na mapanga yanazunguka juu ya kichwa, anaruka anakwenda meli nyengine, na muda wote huo yeye na mwenzake wamekaa vitini wamefungwa mikanda, choo hakuna. Na joto lile, kioo mbele kioo pembeni kioo mpaka miguuni, jua linakupika kama andazi, na juu ya shati umevaa jaketi la kuokolea. Basi wanajizuia. Kikombe cha chai alfajiri, na maji mpaka warudi.

2019 akaja likizo anashika kiuno. Nikajua ni mgongo, maana mgongo ndio ugonjwa wao wote, ule mtikisiko wa masaa manne matano kila siku halafu umekaa umejipinda upande mmoja. Kumbe mawe kwenye figo. Siku tatu analia kama mtoto, mtu mzima yule. Na rubani ana cheti cha afya cha daraja la kwanza, anapimwa kila mwaka, na jiwe la figo likionekana cheti kinasimamishwa mpaka daktari wao aridhike kwamba halitamshika akiwa angani, na ni haki, nani anataka kupakiwa na rubani anaeweza kuanguka kwa maumivu katikati ya bahari. Miezi minne. Kwenye daftari nikaweka herufi mpya, U ya ugonjwa, kurasa na kurasa. U hailipwi. Hospitali tulilipa wenyewe. Nilimuuliza wakala anasemaje, akanionesha meseji, get well soon captain, na kidole gumba. Wala hakuwa kapteni bado.

Na 2015 ilikuwa mbaya zaidi ya hapo. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 100, likaanza kushuka, likashuka, Januari 2016 liko chini ya 30. Sie huku tunafurahi petroli itashuka, hatujui kwamba kila meli ya kuchimba inayoondoka inaondoka na helikopta yake, na helikopta na marubani wake. Meli za Mtwara ziliondoka. Mkataba ulikuwa na mstari mmoja mdogo kwamba kazi ikisimama notisi ni siku thelathini, basi siku thelathini, akarudi na begi lake na kofia ya masikioni. Dunia nzima marubani wametupwa, watu wenye masaa elfu tano wanagombania nafasi ambayo zamani angepewa mwenye elfu moja, na wenye nafasi wakateremsha malipo maana wanajua mtakubali tu. Ile 280 niliyowaambia, kabla ya mporomoko nafasi kama ile mwenzake alikuwa akilipwa 350.

Alikaa nyumbani miezi kumi na nne. N, N, N, N. Tulikula mshahara wangu wa skuli, ule ule ambao ndugu zake walikuwa wakinambia uache, mke wa rubani anakwenda kushika chaki kwa vijisenti gani. Vijisenti hivyo vilikuja kila mwezi. Nilijifungua Ilham katikati ya hali hiyo, likizo ya uzazi nikalipwa, na makato yangu ya ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, yanaendelea kuingia mpaka leo, wakati bwana wa dola hana senti tano iliyowekwa mahali kwa uzee wake isipokuwa matofali ya nyumba isiyoisha yaliyosimama Bumbwisudi tangu 2018 yanaota majani.

Nnakumbuka siku moja ya kipindi hicho, Aprili 29, 2016. Norway, karibu na kisiwa kinaitwa Turøy, helikopta aina ya Super Puma inarudi kutoka rigi, mapanga ya juu yakachomoka yote mzima mzima yakaruka peke yake, helikopta ikaanguka kwenye miamba, watu 13 wakafa wote, marubani wawili ndani. Baadae uchunguzi ulisema ni ufa kwenye gia moja ndani ya giaboksi, ulianza mdogo ukatambaa kwa ndani, hakuna alieweza kuuona. Kuna video mtu alichukua, mapanga yanashuka taratibu yanazunguka kama jani la mkungu. Mume wangu aliiangalia kitandani, simu kaipunguza sauti, akijua nimelala. Sijalala. Akaiangalia mara nne. Halafu akafungua imeili, akamalizia kuandika barua ya kuomba kazi, akaituma.

Sijamuuliza mpaka leo.

Mafunzo yao ya kuokoka nilimuuliza, hayo anapenda kuyasimulia. Mnawekwa kwenye kibanda mfano wa helikopta, mmefungwa mikanda, kinatumbukizwa bwawani kinapinduka juu chini, na unatakiwa usifungue mkanda kwanza, mkono mmoja ushike ukingo wa dirisha lako, usubiri kitulie, ndio usukume dirisha, ndio ufungue mkanda, utoke. Ukitanguliza mkanda unaelea humo ndani hujui juu wapi chini wapi. Yeye mtoto wa Wete, kuogelea kajulia bandarini kabla ya kujua kusoma, akenda kwa maringo, raundi ya kwanza kanywa maji ya klorini mpaka kayatapika, anasema maji yanakuingia puani kwa kuwa kichwa kiko chini na mapovu yanakimbilia miguuni. Mzee mmoja mpishi wa rigi, mnene, hajui hata kuogelea, katoka vizuri kuliko yeye. Hii akiisimulia tunacheka hatuna mbavu.

Watu wananipa moyo, wanasema mafuta yakitoka kwetu atarudi arushe hapa hapa. Tundaua kule Pemba mafuta yanachuruzika wenyewe ardhini tangu enzi za wazee, Waingereza walichimba visima wakaacha, 2016 tukapata sheria yetu ya mafuta na gesi, 2018 ukasainiwa mkataba na RAK Gas, kampuni ya Ras Al Khaimah huko Uarabuni, na kila likitajwa kwenye taarifa ya habari mama mkwe anapiga simu, mwambie mwanangu asisaini huko tena. Mama, asiposaini huko tunakula nini mpaka hayo mafuta yatoke.

Na wewe mtoto wa shangazi uliyeniandikia inbox mwezi uliopita unataka kwenda kusomea, na swali lako lilikuwa moja tu, kapteni analipwa ngapi kwa siku. Ni kapteni sasa na imepanda, kiasi sisemi maana atanikasirikia. Ila ukiletewa mkataba, ile namba ya juu ipite kwanza, tafuta imeandikwa nini kuhusu siku ya kusafiri, siku ya kuumwa, na siku wakisema kazi hakuna. Ukikuta hakuna kilichoandikwa basi jibu ni sifuri, na uhesabu mwenyewe sifuri utaila siku ngapi. Na mafunzo ya helikopta mpya wakikwambia ni bure, soma tena, utakuta umefungwa miaka miwili, ukiondoka kabla unalipa yote. Halafu kunywa maji.

Leo ni K ya 38. Nilikuwa nishaanza kusafisha chumba na kuagiza pweza maana alikuwa arudi Jumatatu. Saa saba mchana kanitumia ujumbe, mwenzake anaekuja kumpokea viza haijatoka, wamemuomba abaki wiki mbili zaidi. Ilham ana maulidi ya skuli wiki ijayo na kapangiwa kusoma mbele, baba ake alimuahidi atakuwepo. Nikahesabu kumi na nne mara ile namba nisiyoisema, nikakaa nayo kidogo, nikamjibu sawa.

Pweza nimempigia simu muuzaji asilete.