Tagi za mbao za Seattle, zilizotoka vitani zikaenda kuvuta magogo

Kila ninaposoma habari za vyombo vilivyoundwa harakaharaka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huwa napita manowari na meli kubwa za mizigo nikatafuta zile tagi (meli ndogo zenye nguvu za kuvuta vyombo vingine) za mbao ambazo Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliziagiza kwa kazi ya kuvuta matishali, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo. Mabaharia walizoea kuziita Miki. Zilikuwa na urefu wa mita 38 hivi, na takriban 60 ziliundwa katika karakana mbalimbali za pwani ya magharibi ya nchi hiyo.

Jeshi halikuhangaika kubuni chombo kipya. Mwaka 1929 karakana moja ya Seattle ilikuwa imeunda tagi iliyoitwa Mikimiki kwa ajili ya Young Brothers, kampuni ya Honolulu iliyovuta matishali kati ya visiwa vya Hawaii, yakiwemo yaliyosheheni mananasi. Umbo lake lilikwisha kuthibitika katika mawimbi ya bahari kuu, hivyo vita vilipopamba moto ramani yake ikafanyiwa marekebisho na kazi ikaanza. Chuma cha pua kilikuwa kinamezwa na manowari na meli za mizigo, ilhali maeneo ya Puget Sound, ghuba ulipo mji wa Seattle, yalikuwa na misitu ya misonobari mirefu iliyonyooka, pamoja na mafundi waliozeekea kwenye kazi ya kuunda mashua za uvuvi. Uhitaji nao ulikuwa dhahiri. Japani ilikuwa imeviteka visiwa vya Attu na Kiska, huko Alaska, mnamo Juni 1942, na karibu kila pipa la mafuta na kila ubao wa kambi za askari wa kaskazini ulipaswa kufika kwa njia ya bahari.

Ninachokistaajabia ni kwamba haraka ya vita haikuweza kufupisha ufundi wenyewe. Mataruma, yaani mbavu za chombo, yalipaswa kukaa sawasawa juu ya mkuku, ule uti wake wa chini, mbao nene zikunjwe kwa mvuke, na kila mwanya utiwe kalafati (nyuzi za kuzuia maji) kwa nyundo, mshono kwa mshono. Mafundi wa vyombo vya mbao wa pwani hiyo walikuwa pia na desturi ya kumimina chumvi ya mawe katika nafasi zilizo kati ya mataruma, kwa kuwa mbao huozeshwa na maji ya mvua yanayopenya kutoka sitahani kuliko maji ya bahari yaliyo nje, na chumvi hiyo iliyafanya hayo ya mvua nayo kuwa ya chumvi.

Vita vilipokwisha jeshi liliziuza, na kampuni za kuvuta vyombo zikazichangamkia. Miongoni mwa wanunuzi ilikuwamo Foss, kampuni iliyoanzishwa Tacoma mwaka 1889 na Thea Foss pamoja na mumewe Andrew, ambayo ilichukua kadhaa kati yake. Kuanzia hapo zikavuta mafungu ya magogo kuelekea viwanda vya mbao, matishali ya mafuta na shehena za kila namna za kwenda Alaska.

Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Injini kubwa za dizeli za enzi hizo, zenye nguvu ya farasi wapatao 1,500 kwa jumla, mara nyingi hazikuwa na gia ya kurudi nyuma: nahodha alipotaka kurudi nyuma, mhandisi aliizima injini, kisha akaiwasha upya izunguke kinyume kwa kutumia hewa iliyoshindiliwa katika matangi. Aliyeagiza mbele na nyuma mara nyingi mno wakati wa kufunga gatini aliweza kuimaliza hewa hiyo, akabaki anaelea bila injini huku tishali likimjia. Waya wa kuvutia nao ulikuwa na elimu yake. Baharini ulilegezwa mita mamia ili uzito wake uulaze majini na kupunguza mishtuko ya mawimbi, lakini kwenye milango myembamba ya bahari huko British Columbia, jimbo la Kanada, ulilazimika kufupishwa. Pale Seymour Narrows, ambapo mwamba wa Ripple Rock ulitishia kila chombo mpaka ulipolipuliwa tarehe 5 Aprili 1958, tagi zilisubiri maji yatulie kati ya kujaa na kupwa, kwani mkondo wake ungeweza kuishinda injini yoyote ya namna hiyo.

Tagi za chuma zenye nguvu kubwa zaidi zilipoenea, Miki zilianza kuwa mzigo kwa wenyewe. Taruma moja likioza, hulifikii mpaka ubandue mbao kadhaa zilizo nzima, na mafundi wa kazi hiyo walikuwa wakipungua huku ujira wao ukipanda. Nyingine zilizama, nyingine ziliungua, na chache zikabadilishiwa kazi na wamiliki wasiotegemea kuvuta chochote ili kujikimu. Hata hivyo nyingi zilikuwa zimetumika miaka mingi kuliko vile vita vilivyosababisha ziundwe, na sehemu kubwa ya sifa hiyo naipa ile tagi ya mwaka 1929 kuliko agizo la jeshi.