Mistari yangu sita ya kusoma CSV

Ilianza na mistari sita tu. Nilikuwa na faili la CSV lenye majina na anwani za wateja, nikajiambia: hii si ni maneno yaliyotenganishwa kwa mkato? Kata kila penye mkato, kazi imekwisha. Nikajaribu kwa faili dogo, ikakubali. Nikajiona fundi.

Wiki ya pili akaja mteja mwenye mkato ndani ya anwani. Faili lenyewe halikuwa na kosa, anwani ilifungiwa ndani ya alama za usemi kama inavyotakiwa. Msimbo wangu ndio haukujua hayo. Ukaikata anwani vipande viwili, namba ya simu ikahamia kwenye safu ya barua pepe, na vilivyofuata vyote vikasogea. Nikaongeza sharti. Kisha akaja mwenye alama za usemi katikati ya jina. CSV huziandika mara mbili mbili. Sharti jingine. Mwisho ikaja anwani iliyoshuka mstari ndani ya kisanduku kimoja, na hapo imani yangu ya "mstari mmoja, mteja mmoja" ikaporomoka. Sita ilishakuwa tisini na kitu, na mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kuigusa.

Kinachoniuma ni kwamba Python, lugha ya programu niliyokuwa naitumia, ina moduli (msimbo uliokwisha kuandikwa) ya csv tangu toleo la 2.3, mwaka 2003. Sikuhitaji hata kusakinisha kitu! Nikafuta yote, nikaweka mistari mitatu. Mmojawapo unafungua faili kwa newline='', kijambo ambacho nisingekiwaza kamwe: kipo kwa ajili ya zile anwani zinazoshuka mstari.

Sisemi tuazime msimbo wa wengine kwa kila kitu. Machi 2016 mwenye left-pad, kifurushi cha mistari 11 cha kujaza nafasi kushoto mwa maandishi, alikiondoa kwenye npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya msimbo, na miradi chungu nzima ikagoma kujengwa. Hicho ningekiandika mwenyewe chai ikiwa bado moto. Kujaza nafasi hakuna mitego iliyojificha. CSV inayo, tarehe ndiyo usiseme.

Na kwa kuwa nimezitaja tarehe: juzi kwenye mradi uleule nimekuta faili la msimbo, tarehe.py, kazi ya mikono yangu. Inaamini kila mwaka unaogawanyika kwa 4 una Februari 29, ukiwemo 1900, ambao haukuwa nayo. Kesho naifuta.